Kutazama ndege Mtwara bila gari: mwongozo kamili wa siku tatu

Mara yangu ya kwanza kwenda Mikindani, karibu na Mtwara mjini, kutazama ndege nilifika saa nane mchana, maji yamekupwa hadi mbali. Ghuba ilikuwa tope tupu linalong'aa. Ndege walikuwepo, tena wengi, lakini kule walikokuwa walionekana kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye sinia, na mazigazi yalikuwa yanawachezesha. Nilikaa saa mbili nzima nikaondoka na jina moja tu la uhakika: yangeyange. Wiki iliyofuata nilikwenda tena, safari hii maji yakijaa, na ndege walewale wakaletwa na bahari hadi karibu na nilipokaa, nikaweza kuhesabu hata rangi za miguu yao. Darubini ilikuwa ileile na daladala ileile. Nilichobadilisha ni saa.

Ndiyo maana siwashauri wanaokuja Mtwara kwa siku mbili tatu wahangaike na gari la kukodi. Mji wenyewe, Mikindani na Msangamkuu, kote kunafikika kwa miguu, bajaji, daladala na kivuko. Gari halina msaada kama maji yako mbali. Panga na bahari kwanza, mambo ya usafiri yatajipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mwezi wa mwaka

Kundi la ndege linalofanya pwani hii iwe ya kipekee ni vitwitwi na jamaa zao, wale ndege wa miguu mirefu wanaochokoa tope na mchanga. Wengi wao ni wageni. Wanazaliana mbali kaskazini wakati wa kiangazi cha huko, wengine katika nyanda za barafu za Siberia, kisha wanashuka kwetu kukimbia baridi. Wa kwanza huanza kuonekana Agosti, Septemba wanaongezeka, na kuanzia Oktoba pwani imejaa. Aprili wengi wanaondoka. Wachache, hasa makinda ya mwaka ule ambayo hayajafikia umri wa kuzaa, hubaki mwaka mzima.

Kwa mtu anayetembea kwa miguu, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipenda zaidi. Kusi imeshatulia, mvua kubwa za kusini hazijashika, na vijia havijawa utelezi. Machi ni mwezi wa pili kwa uzuri kama hutaogopa kulowa. Wakati huo vitwitwi wanajiandaa kurudi kwao na wanavaa manyoya ya harusi: yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, aliyekuwa wa kijivu miezi yote, anageuka mwekundu wa tofali kuanzia usoni hadi tumboni. Ukimwona akiwa katikati ya kubadilika, nusu kijivu nusu tofali, utadhani umegundua ndege mpya.

Juni hadi Agosti si miezi ya pwani, ila chozi wapo wengi mikorosho inapochanua. Nitarudi kwao baadaye.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi wa angani

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo safari inapofanikiwa au kuharibika.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa kuna saa sita na dakika chache. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tuna bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, tunakuwa na maji mafu: hayapandi sana, wala hayaendi mbali.

Wavuvi wa pwani hii wanajua jambo moja ambalo mgeni kutoka bara huwa halijui: saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Kwa hiyo ukijua mwezi mwandamo ni tarehe ngapi, tayari una picha ya siku yako kabla hujafungua simu. Baada ya hapo hakikisha dakika zenyewe kwenye jedwali la maji la bandari ya Mtwara, linapatikana kwenye intaneti.

Sasa unataka maji yakufanyie nini? Vitwitwi hula wakati tope na mchanga viko wazi. Maji yakianza kupanda yanawasukuma taratibu kuelekea nchi kavu, na wao hula kwa pupa wakijua sahani inaondolewa. Saa mbili au tatu za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo zako. Yakishajaa kabisa, ndege hujikusanya kwenye ulimi wa mchanga au juu ya mikoko, wanalala kwa mguu mmoja wakisubiri. Hapo wamesimama pamoja na unaweza kuwahesabu, ingawa wengi wameficha midomo mgongoni.

Ukiniuliza, siku bora kwa asiye na gari ni tarehe 10 hadi 12, au 24 hadi 26, za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana, maana yake asubuhi nzima yanapanda, jua halijawa kali, na mchana una muda wa kula na kurudi mjini bila kukimbizana na daladala ya mwisho. Bamvua nayo ina faida yake: saa nne asubuhi bahari iko mbali na unaweza kutembea kwenye michanga mipana, na kuanzia saa nane mchana ndege wanakujia. Tatizo ni joto la saa nane. Siku za maji mafu kamili ndizo ningeziacha kama una uhuru wa kuchagua, kwa kuwa bahari haina nguvu ya kuwasogeza ndege hadi ulipo.

Hatua ya 3: Beba vichache

Darubini ya mkono inatosha. Zile zilizoandikwa 8x42 ndizo zinazofaa wengi: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi pana huingiza mwanga mwingi alfajiri. Usishawishike na zinazokuza mara 20 za kushika mkononi. Mkono ukitikisika kidogo, ndege anatikisika mara ishirini.

Pakua Merlin, programu ya kutambua ndege, kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na kifurushi cha ndege wa eneo hili, ili ifanye kazi hata mahali pasipo na mtandao. Ni ya bure. Ukiwa na kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye michoro, beba pia, kwa sababu kwa vitwitwi mchoro mmoja wenye ndege kumi waliopangwa pamoja unafundisha kuliko picha kumi zilizotawanyika.

Miguuni vaa yeboyebo za kufunga nyuma au viatu vya zamani visivyojali maji ya chumvi. Kandambili zitabaki kwenye tope la mikoko, na peku ni hatari kwa sababu ya chaza na viumbe vyenye miiba. Kofia, maji lita mbili, mfuko usiopenyeza maji wa kuhifadhi simu, noti ndogondogo za nauli, daftari na kalamu ya risasi, maana ya wino ikilowa imekwisha. Chakula usibebe kutoka mbali. Ming'oko, aina ya viazi vya porini, inauzwa njiani ikiwa imechemshwa, na hakuna kitu kinachokaa tumboni vizuri hivyo wakati unasubiri maji.

Hatua ya 4: Adabu na ruhusa, kabla ya darubini kutoka begini

Darubini ni kitu kinachotia watu shaka, na kusini kuna sababu za watu kuwa waangalifu. Mtwara kuna bandari, uwanja wa ndege na mitambo ya gesi asilia, na mpaka wa Msumbiji hauko mbali. Usielekeze darubini wala kamera kwenye bandari, meli zilizotia nanga, kambi au mitambo, hata kama kuna furukombe amekaa juu ya mnara wake. Niliwahi kusimamishwa na mlinzi kwa sababu nilikuwa nafuata shakwe kwa macho hadi akapita juu ya ukuta nisiopaswa kuutazama. Tulielewana, lakini maji yalijaa na kuanza kupwa nikiwa bado najieleza.

Dawa ni ndogo. Beba kitambulisho. Ukifika kijijini au mtaani ambako hujulikani, anza kwa mwenyekiti au ofisi ya mtendaji, jieleze kwa sentensi mbili, na uonyeshe picha za ndege. Ufukweni salimia kila mtu, kuanzia mzee anayeshona nyavu. Usiwapige picha kina mama wanaochokoa pweza bila kuwaomba. Wao ndio wanaojua. Wakati mmoja nilimsalimia mama mmoja aliyekuwa anarudi na ndoo yake kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe unatafuta pweza?"

"Natafuta ndege, mama. Wale weupe wenye mgongo mweusi, wanaokula kaa."

"Aa, wale! Sasa mbona unawafuata? Kaa hapo kivulini. Maji yakijaa watakuja wenyewe pale mchangani."

Nilikaa. Walikuja.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, Shangani

Ukiwa umeshuka kwenye basi la Dar es Salaam, mwili umechoka, usitafute makubwa. Chukua bajaji hadi ufukwe wa Shangani, tembea polepole jua likishuka. Lengo la jioni hii ni kuzoeza macho kwa ndege wa kawaida, ili kesho mgeni akitokea umjue kwamba ni mgeni.

Anza na kunguru. Mwenye kifua na shingo nyeupe ni wa kwetu. Mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa pwani ya bara, na ni adui wa viota vya ndege wadogo. Yeyote kati ya hao wawili utakayemwona, andika idadi yake. Taarifa za kunguru wa kijivu zina thamani kwa wanaofuatilia kuenea kwake.

Kisha tazama minazi. Utaona ndege wembamba, mkia kama sindano, wakizunguka majani bila kutua. Si mbayuwayu, ingawa wengi huwaita hivyo. Hawa hutumia mate yao kugandisha kiota kidogo cha manyoya kwenye upande wa chini wa jani la mnazi, na mayai nayo huyagandisha hapohapo yasidondoke upepo unapoyumbisha jani. Kaa chini ya mnazi mmoja kwa dakika kumi na utaona mmoja akiingia kwake.

Kwenye vichaka sikiliza dudumizi, sauti inayoporomoka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee wanasema analia mvua ikikaribia. Shorewanda, tetere, mnana na chozi watakuwepo bila kutafutwa.

Sokoni wanakoshushia samaki ni pazuri pia, asubuhi boti zikirudi. Mwewe na kunguru wanagombania matumbo ya samaki, na juu ya maji wanapita buabua, jamaa wembamba wa shakwe wenye mkia wa panda. Wawili wakubwa wanafanana sana, na kinachowatenganisha ni mdomo: wa rangi ya chungwa kwa yule mdogo kidogo, wa manjano iliyofifia kwa yule mkubwa. Ukiliweza hilo siku ya kwanza, umeanza vizuri.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Mikindani

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kwenye barabara ya kwenda Lindi. Daladala ni nyingi mchana, lakini wewe unataka kufika mapema. Novemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo zungumza na bodaboda usiku wa kuamkia, mpatane bei, akuchukue gizagiza. Kurudi panda daladala.

Nina sababu ya kuiita Mikindani moyo wa safari hii. Mji mkongwe umekaa kwenye ukingo wa ghuba iliyofunga kama bakuli, barabara inapita kando ya maji, na mikoko inaanzia hapohapo. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 bado linatazama bandari kutoka juu ya kilima. Kwa mtazama ndege kuna historia nyingine isiyosimuliwa mara nyingi. Mwaka 1911 Mjerumani Hermann Grote alimwelezea kisayansi ndege mdogo mweusi na mweupe wa msituni kutokana na vielelezo vya eneo hili la Mikindani. Jina lake la kisayansi ni Batis reichenowi. Wataalamu wamebishana muda mrefu kama ni jamii kamili au tawi la jamii nyingine, na makao yake yanayojulikana ni misitu ya pwani ya kusini mashariki mwa Tanzania. Huwezi kumpata kwenye mikoko, usipoteze asubuhi ukimtafuta huko. Lakini inafaa kujua kwamba sayansi ilimjua kupitia mji huu mdogo.

Anza na ukingo wa maji. Tafuta kivuli, kaa, na acha kutembeatembea. Mwanadamu aliyekaa kwenye ukuta hamsumbui kitwitwi, anayesogea humfukuza. Kama unaweza kuchagua upande, jua liwe mgongoni kwako, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi.

Kumtambua kitwitwi kunatisha wanaoanza, na kosa lao ni kuanza na rangi. Wengi ni kijivu juu na weupe chini, rangi haisaidii. Anza na mdomo: mfupi au mrefu, umenyooka, umepinda juu au chini? Kisha namna anavyokula. Kuna wanaokimbia hatua chache, wakasimama wima kama askari, wakainama ghafla kudonoa. Hao hutumia macho, na midomo yao ni mifupi. Kuna wanaotembea huku wanadunga tope bila kupumzika kama cherehani. Hao hutumia ncha ya mdomo kuhisi minyoo. Kisha miguu: mweusi, kijani, manjano, chungwa? Rangi ya mgongo iwe ya mwisho.

Kwa njia hiyo wawili watatu wanajulikana haraka. Sululu ni mkubwa, wa kahawia, ana mistari kichwani, na mdomo mrefu uliopinda chini, na ukishamwona huwezi kujiuliza kwa nini amepewa jina moja na chombo cha kuchimbia. Mwingine ni mdogo, miguu mifupi ya manjano au chungwa, mdomo umepinda juu, naye hukimbia kwa fujo kichwa kimeinama kama anayefukuza kuku. Huyo huzaliana kwenye misitu ya kaskazini ya Urusi, na mikoko ya pwani yetu ni kwake kabisa. Wa tatu ana miguu mifupi ya rangi ya chungwa na kifua chenye mabaka meusi, na hupindua vijiwe na majani ya bahari kwa mdomo kutafuta vilivyojificha chini.

Kwenye mikoko yenyewe tazama matawi yaliyoinama juu ya maji, hasa ya milango ya vijito. Mdiria wa mikoko, mwenye mgongo wa buluu na mdomo mwekundu mtupu, hukaa kimya muda mrefu akingojea kaa, na utamsikia kabla ya kumwona: mlio mkali unaoanza kwa vituo halafu unaharakisha. Kwenye maua ya mikoko kuna chozi wa kijivu asiyeng'aa sana, ambaye wengi humpita wakidhani ni jike la chozi mwingine. Na juu kabisa, kwenye mti mkavu, furukombe.

Saa nne ikipita, panda juu kwenye mibuyu na bustani za kilimani. Usitembee sana. Chagua mbuyu mmoja wenye mashimo, kaa mita ishirini kutoka kwake, na uupe nusu saa. Hondohondo, pugi na keremkerem huja na kuondoka, na mti mmoja uliotazamwa vizuri una ndege wengi kuliko mitaa mitano iliyopitwa.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, kuvuka hadi Msangamkuu

Nenda kwenye gati, panda kivuko pamoja na baiskeli, magunia na wanafunzi, na kwa safari fupi utakuwa upande wa pili. Ukipanda boti ndogo badala ya kivuko, omba jaketi la kuokolea na ulivae. Uliza saa ya kivuko cha mwisho kabla hujatoka gatini, si jioni wakati wa kurudi. Ukiwa majini kaa upande wa nje: buabua hupita karibu kuliko mahali pengine popote mjini.

Jina la Msangamkuu linatokana na mchanga, nawe umekuja kwa ajili ya mchanga huo. Tembea ufukweni mbali na nyumba na boti hadi uone ulimi wa mchanga unaoingia baharini. Hapo ndipo unapomsubiri ndege ambaye kwangu mimi anatosha peke yake kumleta mtu Mtwara.

Ni yule niliyemuuliza mama wa pweza. Wanasayansi wanamwita Dromas ardeola. Urefu wake ni kama sentimita 40, mweupe kama karatasi, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama patasi, mkubwa kupita kiasi kwa kichwa chake. Anaishi kwa kaa. Humkimbilia, humsimamia, kisha humpiga. Mdogo humeza mzima, mkubwa humvunja kwanza.

Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni na pembe ya Afrika, na huko hufanya jambo ambalo hakuna kitwitwi mwingine duniani anayelifanya: huchimba shimo refu kwenye mchanga na kutaga ndani yake, kwa kawaida yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga husaidia kulitunza yai. Kinda linalolelewa hivyo hukawia kujitegemea, na hata baada ya kuruka pamoja na wazazi hadi kwetu huendelea kuombaomba chakula kwa filimbi nyembamba. Kwa hiyo ukiona mmoja mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi anamfuata mkubwa nyuma nyuma huku analia, unatazama familia iliyosafiri pamoja kutoka ng'ambo ya ikweta.

Hukaa kwa makundi na huruka kwa pamoja mtu mmoja akikosea. Usiwakaribie wakiwa wamepumzika maji yamejaa. Kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyoyatafuta usiku kucha, na ulimi wa mchanga ukishafunikwa hawana pengine pa kutua karibu. Wakianza kunyoosha shingo na kukutazama, umeshasogea kupita kiasi. Rudi hatua kumi na ukae. Watoto wa kijiji watakujia. Wape darubini watazame, mmoja mmoja, na waombe wasiwarushie mawe.

Jihadhari na maji yanayozunguka nyuma yako. Kwenye michanga tambarare bahari hujaza kwanza mifereji, na unaweza kujikuta umesimama kisiwani. Anza kurudi ukiona mfereji wa nyuma umeanza kutembea.

Hatua ya 8: Mikorosho, kama nusu siku imebaki

Ukiwa umekuja katikati ya mwaka, au basi lako linaondoka usiku, panda daladala ya Naliendele, kiliko kituo cha utafiti wa korosho. Usiingie kwenye mashamba ya kituo bila ruhusa; njia za kando zinatosha. Mikorosho ikiwa na maua, chozi mwenye kifua chekundu huwa juu ya kila mti wa tatu, dume jeusi kama makaa na bamba jekundu kifuani. Nenda asubuhi. Saa tano hata chozi wamechoka.

Hatua ya 9: Andika siku ileile

Tarehe, saa, mahali, hali ya maji, idadi, jina. Hali ya maji wengi huisahau, na pwani bila hiyo rekodi haina maana: ndege watano maji yakiwa yamekupwa na watano yakiwa yamejaa si habari moja. Ukikosa jina, andika mdomo, miguu na namna anavyokula, acha nafasi. Kisha ingiza orodha yako eBird, tovuti ya kukusanya rekodi za ndege. Pwani ya kusini haina watazamaji wengi, na orodha ya mtu mmoja aliyekaa Mikindani asubuhi moja ina uzito kuliko orodha ya mia moja kutoka mahali panapojaa watu.

Ya kutoyabana kwenye siku tatu

Msimbati na mdomo wa Ruvuma viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Pazuri sana, lakini kuna kiingilio, usafiri wa umma hauna saa za uhakika, na ni karibu na mpaka, kwa hiyo uliza ofisi ya hifadhi na viongozi wa kijiji kabla ya kwenda. Pape siku mbili zake. Nyanda za Rondo, mkoani Lindi, ndiko kwenye msitu wa ndege wa Grote na wa yule kurumbiza wa chini mwenye madoadoa kifuani anayechakura majani makavu. Huko panahitaji kibali cha misitu, mwenyeji na kulala, na hakuna jedwali la maji la kukusaidia.

Asubuhi ya kuondoka, basi la Lindi na Dar linapita Mikindani. Omba kiti cha upande wa bahari, na uwe na darubini shingoni.